Vipimo vya Kiti cha Mke Wangu

3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo mchana, nikiwa nakunja pindo la suruali ya mlinzi wa benki. Mke wangu akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele, ambacho ndicho kiwanda changu cha kushonea tangu tuhamie nyumba hii, akaitazama baraza inavyolowa.

"Baba watoto," akasema, "nataka viti viwili vya kubembea. Vya mbao. Kimoja changu, kimoja chako."

Nikamwambia viti vya plastiki vipo vinne. Akasema vya plastiki ni vya wageni. Hii ni wiki ya tatu tangu astaafu ualimu. Anasema miaka thelathini na tano ya kusimama mbele ya ubao imetosha, sasa anataka kukaa. Nikacheka, nikamuuliza tangu lini kukaa kukahitaji fundi. Yeye hakucheka, ndiyo maana naandika hapa, nikija kulaumiwa nijue lilianzia wapi.

5 Machi

Mvua. Suruali tatu, zipu mbili. Bado anataka viti.

8 Machi

Tumezunguka maduka manne ya fanicha. Duka la kwanza, kiti kilitaka kumtupa chali, na muuzaji akasema, "Utakizoea, mama." La pili, kiti hakikubembea, kilitetemeka tu na kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka kikagonga kabati la vioo. La tatu sitaki hata kulikumbuka, misumari ilikuwa inachungulia. La nne kulikuwa na kiti kizuri, lakini kimoja.

"Nilisema viwili," mke wangu akamwambia muuzaji.

Nilikuwa nimefurahi moyoni, maana nilijua hapo hamu imekwisha. Ndipo yule muuzaji, kwa kiherehere chake, akamnong'oneza kwamba nyuma ya kiwanda cha uchapaji yuko seremala mmoja, mtu wa uhakika, anaitwa Taratibu. Laiti ningemziba mdomo.

12 Machi

Tumekwenda kwa huyo Taratibu. Jina ni la utani, limemganda kwa sababu kila ukimuuliza jambo anaanza kwa kusema "taratibu". Ana kama miaka sitini, mjane, mrefu, sauti ya chini chini. Hana kitambi hata cha kusingizia.

Karakana yake ni safi kupita kiasi. Randa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, msasa umekunjwa kama leso. Pembeni ana vigoda sita, kila kimoja na kimo chake. Akapangusa cha kwanza kwa mkono wa shati lake, akamkaribisha mke wangu akae. Mimi nilionyeshwa rundo la mbao.

Mke wangu akakaa, akainuka, akakaa kingine, hivyo hivyo mpaka cha sita. Taratibu akachuchumaa mbele yake akawa anamtazama miguu.

"Ukikaa muda mrefu, mama, panauma wapi?"

Sikusikia alichojibu. Nilikuwa nakagua viungio vya meza moja nikitafuta kasoro, na sikuipata. Nilipogeuka, alikuwa bado anaeleza, mkono uko gotini, na yule bwana anaitikia kwa kichwa bila kumkatiza. Baadaye akamsimulia habari za mteja mmoja aliyeagiza kiti lakini akakataa kukaa apimwe. "Nikamwambia, basi bwana, nitakutengenezea rafu." Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuona kichekesho.

Akanigeukia na mimi, eti nikae nionwe. Nikamwambia mimi nakaa popote.

Kicheko kile ninakifahamu. Ni cha zamani, kinaanzia puani. Nilidhani kimekwisha.

13 Machi

Ameimba jikoni.

16 Machi

Amekwenda peke yake kuchagua mbao. Amerudi baada ya saa mbili na vumbi la mbao kwenye bega la kushoto. Bega! Nimemuuliza vumbi limefikaje huko juu, akasema karakanani vumbi huruka. Wakati wa kula, "Taratibu anasema mbao ya msaji haipindi," "Taratibu anasema vanishi ipakwe mara tatu." Kila lilipotajwa jina hilo niliweka harage moja pembeni ya sahani. Yalifika tisa.

"Hayajaiva?" akaniuliza.

"Yameiva," nikasema.

17 Machi

Mkunga wa mtaa wetu amekuja kupunguziwa gauni. Akiwa amesimama na pini mwili mzima, akasema, "Nimemwona mwalimu kwa seremala. Waliongea hao! Kumbe ni ndugu?"

Nikasema si ndugu. Sindano imeniingia kidoleni mpaka nikaona kichwa chake tu.

21 Machi

Taratibu ametuma ujumbe kwenye simu ya mke wangu: mbao zimekauka vizuri, mama aje Jumamosi apimwe.

Apimwe!

Mimi ndiye ninayempima mwanamke huyu. Alikuja kwangu akiwa mwalimu mgeni, anataka sketi mbili za kazini, nami nilimpima kiuno mara tatu wakati mara moja ingetosha, naye alijua, akasimama kimya akitazama dari na tabasamu pembeni ya mdomo. Ndoa yetu yote ilitoka hapo. Sasa mtu mwingine, mwenye karakana safi, anataka kuzungusha futi yake.

"Huendi," nikamwambia.

"Siendi wapi?"

"Kupimwa. Vipimo vyako ninavyo mimi. Nitavipeleka."

"Vya lini?"

"Mwili ni ule ule."

Akanitazama, kisha akaketi kwenye benchi la wateja, akinyoosha mguu mmoja mbele. "Hujanishonea hata kitambaa cha kichwa mwaka wa ngapi huu?"

Nikamwambia ni yeye aliyeamua kuvaa magauni mapana ya dukani, yale yanayomtosha kila mtu kwa sababu hayajashonewa mtu. Yananiudhi kila nikiyaona kwenye kamba.

"Nilichoka kuwa mteja wa mwisho," akasema. "Gauni la harusi ya binti yetu ulilimaliza wageni wameshakaa."

Ni kweli, lakini wiki ile nilikuwa na wasimamizi kumi na wanane wa kuwavalisha. Nilimweleza hivyo, kama nilivyomweleza siku ile. Akainuka kwa kushika meza.

"Haya, peleka. Wewe ndiye fundi."

22 Machi

Nimetoa daftari la zamani, nikanakili namba zake, nikazipeleka. Taratibu akazisoma polepole, kidole juu ya kila moja.

"Hizi alikuwa amekaa au amesimama?"

"Vipimo ni vipimo."

"Za lini, fundi?"

"Za mwaka huu."

Nilidanganya bila hata kumeza mate. Akakunja karatasi akaiweka mfukoni mwa shati. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta, lakini nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

25 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja. Mke wangu anainama inama nyuma ya kiti changu akiokota nyuzi sakafuni. Nimemwambia aache, nitafagia mwenyewe.

2 Aprili

Amechukua mwavuli akasema anatoka kidogo. Nikahesabu mpaka mia, nikamfuata.

Nimesimama chini ya ukingo wa paa la kiwanda cha uchapaji, nikijifanya nasoma tangazo la mnada. Karakana iko mkabala, mlango wazi. Nimemwona mke wangu akitoa kwenye mkoba kamba yenye mafundo. Taratibu akailaza juu ya ubao, akaivuta, na kila penye fundo akatia alama ya penseli. Wakaangaliana, wakatabasamu. Tabasamu la watu wawili wenye jambo lao.

Mimi nilikwishapeleka vipimo. Sasa kamba ya nini? Nilisimama pale mpaka mfereji wa paa ukajaa ukamwagikia kola yangu yote. Yote, mpaka mgongoni.

Aliporudi nikamuuliza alikuwa wapi.

"Kwa fundi."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia." Akanigusa shati. "Mbona umelowa na hukutoka?"

Nikasema paa linavuja.

3 Aprili

Nimenuna.

4 Aprili

Bado nimenuna. Hajagundua.

5 Aprili

Amegundua. Ameniuliza mara moja kuna nini, nikasema hakuna kitu, naye akaniamini, jambo ambalo limeniudhi zaidi.

9 Aprili

Binti yetu amepiga simu.

"Baba, mama anasema siku hizi unamjibu kwa kichwa."

"Nina kazi nyingi."

"Una wivu?"

"Na seremala? Mimi?"

"Mimi sijataja seremala, baba."

 Akasema amemwambia mama yake aende akakae kwake, hata miezi, kule nyumba haina ngazi. Nikamuuliza ngazi zinaingiaje katika mazungumzo haya. Akajibu, "Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Lilinishika jambo moja tu: kwamba huenda akaondoka. Kwa binti yetu ni safari ya siku nzima. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba huko hakuna Taratibu, nikafarijika. La pili ni kwamba huko sipo na mimi. Nikakata kitambaa cha watu upande usio wake.

14 Aprili

Nimemuuliza kama ni kweli atakwenda kwa mtoto. Akasema, "Viti vije kwanza, tuone." Sijui tuone nini.

19 Aprili

Viti vimekuja.

Taratibu amevileta mwenyewe kwa mkokoteni, vimefunikwa turubai, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Akavipandisha barazani kimoja kimoja, akatoa kitambaa mfukoni akavipangusa. Lazima niseme ukweli, hapa hakuna anayenisoma: ni viti vizuri. Msaji uliotulia rangi, matao ya chini yamelainishwa mpaka hayana sauti, na hakuna msumari hata mmoja unaoonekana. Niliona wivu hata wa mbao.

"Anza wewe, fundi," akaniambia.

Nikakaa kwa kuudhika. Kile kiti kikanipokea mgongo pale pale panaponiuma, chini ya mbavu, ambapo cherehani imenikunja miaka yote hii. Nyayo zimelala sakafuni zote mbili. Mikono imepata pa kupumzika. Nikajisukuma kidogo, kiti kikaenda, kikarudi, kikaenda. Nilitafuta kasoro nikashindwa.

"Nani alikupa vipimo vyangu?"

Taratibu akamtazama mke wangu.

"Mimi," mke wangu akasema. "Kwa kamba. Si ulikataa kukaa pale kwake? Nilikupima ukiwa kwenye cherehani. Mara tatu, maana kila mara ulisogea."

"Nilidhani unaokota nyuzi."

"Na nyuzi niliokota."

Kama shajara hii ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Nilikuwa nataka kuinuka nimshike mkono mbele ya yule bwana, aone. Lakini alikuwa ameshakigeukia kiti chake.

Alikaa. Au alijaribu. Mikono ya kiti ilimbana nyonga, ikabidi ajisukumize kama anayeingia katikati ya abiria wawili. Alipoegemea, kiti kikaenda nyuma na miguu yake ikapanda juu, halafu haikushuka. Ilining'inia. Viatu vyake vilikuwa hewani, anatafuta sakafu kwa ncha za vidole, na alipolinyoosha goti la kulia kuifikia, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata akijifungua. Taratibu alikuwa ameshakishika kiti kabla sijajua kinachotokea. Mimi nilikuwa nimezama kwenye starehe yangu, na nilipopata kuinuka mambo yalikuwa yamekwisha.

"Fundi," Taratibu akasema, "uliniandikia goti hadi chini inchi kumi na tisa."

"Ndivyo ilivyo."

"Lete daftari," mke wangu akasema.

Sikulileta. Akaingia mwenyewe akalichukua, anajua kila kitu kilipo, akasimama mlangoni akafungua ukurasa. Akausoma kwa sauti ile ya darasani. "Gauni la harusi ya mtoto. Kiuno thelathini na moja. Nyonga arobaini. Goti hadi chini kumi na tisa, pamoja na kisigino."

Pamoja na kisigino. Mwandiko ni wangu. Siku ile nilimpima akiwa na viatu vya harusi, ili gauni lisiburure, nikaandika kama fundi yeyote anavyoandika. Nimenakili namba, nikaruka maneno.

"Ulisema ni za mwaka huu," Taratibu akasema, bila ukali.

"Ni za miaka kumi na moja iliyopita," mke wangu akamjibu. Akalifunga daftari. "Mwanamke mwenye vipimo hivi niliwahi kuwa mimi, kisha akaondoka. Wewe hukumwona akiondoka?"

 Nikasema mvua inarudi.

"Jumamosi ijayo nakwenda kwa mwanangu," akasema, akaingia ndani. Nikamtazama akipanda ile ngazi moja ya mlangoni. Alitanguliza mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia.

20 Aprili

Kiti chake amekigeuza kinatazama ukuta.

21 Aprili

Asubuhi nimemfuata jikoni na futi shingoni. "Niruhusu nikupime upya." Akasema, "Weka chini hiyo," na akaendelea kuosha vikombe. Nimeshona kola ya mtu juu chini. Nimefumua, nikaishona juu chini tena.

22 Aprili

Nimekwenda kwa Taratibu. Nilitembea pole pole nikiomba nikute amefunga. Alikuwepo, anapiga randa.

"Njoo umpime," nikamwambia.

"Mpime wewe. Ni fundi."

"Amenikataa."

Akaendelea na ubao wake. Nikaona kama imefika hapo basi acha nimalize yote, nikamuuliza, "Unamtaka mke wangu?"

Akasimamisha randa. Nilitegemea acheke au anifukuze. Akapuliza vumbi kwenye ubao, akasema, "Taratibu, fundi. Mke wako alikuja hapa mara tatu. Mara zote tatu aliongea habari za mgongo wako. Unaumia wapi, unalalaje, unainamaje. Mimi nina miaka sita hakuna mtu anayejua mgongo wangu unauma upande gani. Kama ni wivu, wangu ndio mkubwa."

Kisha akachukua futi yake na penseli, akavaa koti la mvua.

Tukaondoka pamoja. Nilimshikia mwavuli.

Mke wangu alipotuona wawili chini ya mwavuli mmoja, alisimama akiwa na kanga za safari mkononi. Akakubali kupimwa, lakini kwa sharti. "Apime yeye. Wewe andika."

Nimeandika. Akiwa amekaa kwenye kigoda, Taratibu alichuchumaa akapima, akaita namba, nami nikaziandika. Nyonga, akiwa amekaa. Mgongo. Kiwiko hadi kikalio. Kila namba ilikuwa mpya kwangu. Nyuma ya goti hadi sakafu, bila viatu: inchi kumi na tano na nusu. "Umeandika, fundi?" "Nimeandika."

"Na lile goti?" akamuuliza mke wangu.

Mke wangu akapandisha gauni kidogo. Goti la kulia limevimba, limepoteza umbo, na ngozi yake inang'aa. Nalala naye kitanda kimoja. Nilikuwa ninayachukia magauni yale mapana na sikuwahi kujiuliza yanafunika nini.

"Leo afadhali kuliko Machi," Taratibu akasema.

Yeye analijua tangu Machi. Hilo limenichoma kuliko vumbi, kuliko kamba, kuliko yale maharage tisa. Nilitamani penseli ivunjike.

26 Aprili

Ameondoka na basi la saa mbili asubuhi. Nilimbebea begi. Nilimwambia kiti kitakuwa tayari baada ya wiki mbili. Akasema, "Vizuri," kwa namna unayomjibu kondakta.

29 Aprili

Nyumba ina sauti moja tu, ya cherehani. Ninaizima mapema.

4 Mei

Binti yetu anasema mama amepelekwa hospitali, amepewa dawa na mazoezi. Nikamwambia anipe mama yake. Akasema amelala. Nyuma yake niliisikia sauti ya mke wangu ikimfukuza paka.

10 Mei

Taratibu ameleta kiti. Amekipunguza miguu, amekata mikono na kuiunga upya kwa mapana, huoni palipoungwa. Akataka nikikalie nikijaribu. Nikamwambia si changu.

16 Mei

Nimempigia, akapokea mwenyewe. Sikumwambia kiti kimekuja, ingawa ndilo nililokusudia. Nilimuuliza hulala upande gani goti likiuma, kisha nikasubiri jibu.  Akasema, "Kesho kutwa kuna basi."

18 Mei

Amefika saa tisa, mvua nyembamba. Nilikwenda kumpokea, nikatembea kwa mwendo wake, ambao nimegundua siujui. Barazani akakitazama kiti muda, akakaa. Nyayo zikafika sakafuni. Akajisukuma mara moja, mara mbili, akaegemeza kichwa. Nikakaa kwenye changu.

"Lilianza lini?" nikamuuliza.

"Unataka jibu fupi au refu?"

"Refu."

Akasema lilianza miaka saba nyuma. Alipanda juu ya dawati kuning'iniza ramani, dawati likayumba, akaangukia goti. Alitembea kutoka shuleni mpaka nyumbani akisimama kwenye kila ukuta. Alipoingia aliniambia ameanguka. Mimi nilisema pole, nikaendelea kushona, sikuinua kichwa. Akanisubiri pale mlangoni kidogo, akaenda kujichemshia maji ya kukanda. Baada ya hapo hakunitajia tena.

"Ulikuwa na sare za hoteli," akasema.

Nazikumbuka sare zile. Arobaini na mbili, kola nyekundu, vifungo vya pembeni, na mikono ya moja ilizidi nikaifumua. Yeye kuingia mlangoni sikumbuki hata kidogo.

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.  Alibembea polepole, kisha akalivuta gauni goti likaonekana, akasema bado hajamaliza, huo ulikuwa mwaka wa kwanza tu.

Nikamwambia aendelee.